Kinafusi na Lahaja Zake: Lugha ya Mlimani Iliyowahi Kuandikiwa Fikihi

Kwa karne kadhaa wanafunzi wa madrasa za Waibadhi katika kisiwa cha Jerba, nchini Tunisia, na katika bonde la Mzab, nchini Algeria, walihifadhi kwa moyo maandiko mafupi ya itikadi yanayojulikana kwa jina la Akida. Lugha ya maandiko hayo ni Kiarabu, na msomaji asiyejua historia yake hana sababu ya kudhani vinginevyo. Ukweli ni kwamba Kiarabu hicho ni tafsiri. Mwanachuoni Amr ibn Jumay, aliyeishi mwishoni mwa enzi za kati, aliyafasiri kutoka katika lugha ya Waberiberi, na matini ya asili imepotea. Vitabu vya historia vimezoea kuionyesha elimu ya dini ya Kiislamu barani Afrika ikitoka katika Kiarabu na kuingia katika lugha za wenyeji. Hapa mkondo ulikwenda kinyume: lugha ya wenyeji ndiyo iliyotangulia kuandikwa, na Kiarabu kikaja baadaye kuipokea kazi yake.

Tukio hilo moja lingetosha kuifanya lugha ya Waberiberi wa Kiibadhi istahili kuangaliwa upya na kila mtu anayejishughulisha na isimu ya jamii. Lugha hiyo, hasa katika sura yake ya Mlima Nafusa, magharibi mwa Libya, imeitwa lahaja kwa muda mrefu, na jina hilo limechukuliwa kana kwamba ni tabia yake ya kuzaliwa. Historia inaonyesha kwamba Kinafusi kilifanywa lahaja. Kilikuwa na kalamu, kikanyang'anywa kalamu hiyo polepole, na sehemu kubwa ya unyang'anyi huo ilifanywa na wasomi wake wenyewe kwa sababu zilizokuwa na maana kwao.

Yafaa kwanza kueleza majina. Neno "Kiberiberi" limetokana na jina walilolitumia Waarabu. Wenyewe hujiita Imazighen, na watu wa Mlima Nafusa huiita lugha yao Mazigh. Katika makala haya jina "Kiamazigh" linatumika kwa familia nzima ya lugha, tangu Morocco hadi chemchemi ya Siwa nchini Misri, na "Kinafusi" kwa lugha ya mlima huu peke yake.

Mlima Nafusa ni ukingo wa uwanda wa juu unaoinuka kusini-magharibi mwa Tripoli, ukiutazama uwanda wa Jefara na bahari iliyo mbali nyuma yake. Miji inayosema Kinafusi imepangika juu ya ukingo huo kutoka mashariki kwenda magharibi: Yefren na al-Qal'a, kisha Jadu katika nchi ya Fassato, kisha Kabaw, Nalut na Wazin karibu na mpaka wa Tunisia. Lakini mstari huo umekatika. Baina ya Yefren na Jadu upo mji wa Zintan, ambao watu wake husema Kiarabu, na Gharyan, upande wa mashariki zaidi, umekwisha kuwa wa Kiarabu. Lahaja za Kinafusi kwa hiyo ni kama visiwa. Mtu wa Nalut na mtu wa Yefren husikilizana, lakini kila mmoja huujua upesi mji wa mwenzake kwa matamshi na kwa maneno ya nyumbani. Chini kabisa, pwani, kama kilomita 100 magharibi ya Tripoli, uko mji wa Zuwara, ambao watu wake pia ni Waibadhi na pia ni Waamazigh. Lugha ya Zuwara ina udugu wa karibu na ile ya mlimani, lakini haiwezi kuhesabiwa kuwa lahaja yake pasipo mjadala.

Mfano mmoja wa sarufi unatosha kuonyesha uzito wa mjadala huo. Katika lugha nyingi za Kiamazigh nomino hubadili mwanzo wake kulingana na nafasi yake katika sentensi. Neno argaz, yaani "mwanamume", katika Kikabyle cha Algeria huwa wergaz linapokuwa mtenda anayekuja baada ya kitenzi, au linapofuata baadhi ya vihusishi. Kinafusi kimeupoteza mfumo huo kwa kiasi kikubwa, kikabaki na masalio tu. Zuwara imeuhifadhi. Anayetazama tabia hiyo peke yake ataiweka Zuwara pamoja na lugha za magharibi, na Kinafusi pamoja na lugha za mashariki kama ile ya Awjila na ile ya Siwa. Anayetazama msamiati na vitenzi ataona mambo mengine. Wataalamu hawajakubaliana, na pengine hawatakubaliana, kwa kuwa watu wa nchi hizi wamehama, wamepokeana na kuchanganyika kwa zaidi ya miaka 1000. Mti wa ukoo wa lugha ni chombo kizuri panapokuwa na kutengana; hapa palikuwa na kukutana kila mara, na kilichowakutanisha watu zaidi ya kitu kingine chochote kilikuwa madhehebu.

Uibadhi ulifika Afrika ya Kaskazini katika karne ya 8. Baada ya kifo cha imamu Abu al-Khattab al-Ma'afiri mwaka 761, Abd al-Rahman ibn Rustam, aliyekuwa wa asili ya Kiajemi, alikimbilia magharibi na kuasisi mji wa Tahert, katika Algeria ya leo. Dola ya ukoo wake ilidumu mpaka mwaka 909, ilipoangushwa na Wafatimi. Wanafusa walikuwa nguzo ya dola hiyo kwa upanga na kwa elimu pia. Kuanguka kwao katika vita vya Manu mwaka 896, ambamo wanavyuoni wao wengi waliuawa na jeshi la Waaghlabi, kulitangulia kuanguka kwa Tahert kwa miaka 13 tu.

Katika dola hiyo ndimo Kiamazigh kilipoanza kuandikwa kwa hati za Kiarabu kama lugha ya hoja. Wanahistoria wa Kiibadhi wanamtaja Mahdi al-Nafusi, mwanachuoni wa karne ya 9, aliyeandika kwa Kiamazigh kitabu cha kumpinga Naffath, aliyezusha mfarakano katika madhehebu. Wanamtaja pia Abu Sahl al-Farisi, aliyekuwa mkalimani wa maimamu na mtunzi wa mashairi ya mawaidha kwa Kiamazigh, yaliyojaza vitabu 12. Vitabu hivyo vilichomwa na kutawanywa katika misukosuko ya baadaye. Jambo la kuangaliwa ni jina lake: al-Farisi, Mwajemi. Mtu aliyebeba nisba ya Kiajemi ndiye aliyesifiwa kuwa mtunzi mkubwa wa Kiamazigh wa wakati wake. Lugha iliyotungiwa mashairi na mtu kama huyo haikuwa na unyonge wowote mbele ya watu wake.

Kilichobaki kutoka enzi hizo ni kichache, lakini si haba. Katika mikusanyo ya sira za masheikh, iliyoandikwa kwa Kiarabu, maneno ya sheikh aghalabu hunukuliwa kwa Kiamazigh kama yalivyotoka kinywani mwake, kisha mwandishi akayaeleza kwa Kiarabu. Mtaalamu wa Poland, Tadeusz Lewicki, alichapisha baadhi ya maneno hayo mwaka 1934, na tangu hapo yamekuwa hazina kwa wanaotafuta umbo la zamani la lugha hii. Humo Mwenyezi Mungu huitwa Yush, jina ambalo limetoweka katika matumizi ya kawaida. Orodha ya mahali patakatifu pa Mlima Nafusa, iliyochapishwa na René Basset mwaka 1899, nayo imejaa majina ya misikiti na makaburi kwa Kiamazigh.

Mswada mkubwa kuliko yote ni ufafanuzi wa Kiamazigh wa Mudawwana ya Abu Ghanim al-Khurasani, kitabu cha msingi cha fikihi ya Kiibadhi. Ulionekana Zouagha, kusini mwa Tunisia, na Adolphe de Calassanti-Motylinski akautolea taarifa katika mkutano wa wataalamu wa mambo ya Mashariki uliofanyika Algiers mwaka 1905. Motylinski alifariki mwaka 1907, na kwa miaka mingi mswada huo ukawa kama haupo. Katika miongo ya karibuni nakala zake zimefikiwa tena, nao wanaisimu, miongoni mwao Ouahmi Ould-Braham na Vermondo Brugnatelli, wamekuwa wakiusoma. Hapo panaonekana Kiamazigh kikijadili mauzo, talaka, mirathi na tohara kwa mamia ya kurasa. Hakikuandikwa ili kuwaburudisha watu wasiosoma. Kiliandikwa kwa ajili ya kadhi na wanafunzi wake.

Msamiati wa dini unatoa ushahidi wa namna nyingine, na hapa mwanafunzi wa Kiswahili atajikuta nyumbani. Katika lugha nyingi za Kiamazigh, "kuswali" ni zall, "sala" ni tazallit, na "saumu" ni azum, ambapo z ni ile nzito. Maneno haya yametokana na Kiarabu, lakini sadi ya Kiarabu imegeuka kuwa z nzito. Maneno yaliyoingia baadaye huhifadhi sadi kama ilivyo. Hivyo z hiyo ni kama tarehe iliyopigwa muhuri juu ya neno: inaonyesha kwamba liliingia katika siku za mwanzo za Uislamu, wakati wasemaji walipokuwa bado wanayapitisha maneno ya kigeni katika sauti zao wenyewe. Neno la "msikiti" ni tamezgida. Masjid ya Kiarabu imevishwa kiambishi cha jinsi ya kike, ikawa nomino ya Kiamazigh kamili, na wingi wake hufuata kanuni za Kiamazigh. Kiswahili kilifanya hivyo hivyo kwa neno lile lile: silabi ya mwanzo ikatambuliwa kuwa kiambishi cha ngeli, ikatokea "msikiti" na "misikiti". Tena, katika lugha zote mbili, jimu ya Kiarabu imewakilishwa na sauti ya nyuma ya kinywa, g kwa Waamazigh na k kwa Waswahili. Hakuna haja ya kudai uhusiano wa moja kwa moja. Linaloonekana ni kwamba lugha mbili, kila moja katika pwani yake, zilipokea neno moja na kulipa uraia kwa sheria zake zenyewe.

Kwa nini basi kalamu ilihama? Jibu la kawaida ni uhamiaji wa makabila ya Banu Hilal na Banu Sulaym kuanzia karne ya 11, ambao uliifanya nchi tambarare kuwa ya Kiarabu na kuwaacha Waamazigh milimani. Jibu hilo ni la kweli kwa lugha ya masokoni na mashambani. Halitoshi kwa lugha ya vitabuni. Baada ya Tahert kuanguka, Waibadhi hawakuwa tena na dola. Waliishi katika makundi yaliyotawanyika: Nafusa, Jerba, Wargla, kisha Mzab, yakiongozwa na mabaraza ya wanavyuoni yaliyoasisiwa na Abu Abdallah Muhammad ibn Bakr mwanzoni mwa karne ya 11. Makundi hayo yalihitaji kuandikiana fatwa. Kiamazigh cha Mzab na kile cha Nafusa vilikuwa vinazidi kuachana, na ndugu zao wa Oman hawakukijua kabisa. Kiarabu kiliwaunganisha wote. Ibn Jumay alipoifasiri Akida hakuwa akiidharau lugha ya wazee wake. Alikuwa akiipeleka mahali ambapo isingeweza kufika. Lakini gharama yake ilikuwa kubwa. Maandishi ndiyo yaliyokuwa yakizishikamanisha lahaja, na yalipoachwa, kila bonde lilibaki na sauti yake tu. Wingi wa lahaja, ambao baadaye ulitajwa kuwa sababu ya lugha hii kutofaa kuandikwa, kwa sehemu kubwa ni matokeo ya kuacha kuiandika.

Mtandao huo wa Kiarabu ndio uliofika hadi Unguja. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alianzisha kiwanda cha chapa ambacho kilichapa vitabu vikubwa vya Kiibadhi, kikiwamo Himyan al-zad, tafsiri ya Kurani ya Muhammad ibn Yusuf Atfiyyash wa Beni Isguen katika Mzab. Mwanachuoni huyo, aliyefariki mwaka 1914, alizaliwa na kufa katika mji unaosema Kiamazigh. Kitabu chake kilichapwa katika kisiwa kinachosema Kiswahili. Baina ya mwandishi na wapiga chapa wake hapakuwa na nafasi ya Kiamazigh wala ya Kiswahili. Mwanafunzi wake, Sulayman al-Baruni wa Mlima Nafusa, alikuwa mbunge katika bunge la Waothmani baada ya mwaka 1908, akaongoza mapambano ya mlimani dhidi ya Waitalia mpaka mwaka 1913, na miaka yake ya mwisho akaitumikia Oman. Alifariki Bombay mwaka 1940. Alipigania nchi ya Waamazigh kwa moyo wote, na vitabu vyake ni vya Kiarabu.

Hata hivyo kalamu ya Kinafusi haikukauka kabisa. Mwaka 1885 kilichapwa Algiers kitabu kidogo cha Ibrahim u Sliman al-Shammakhi kinachoeleza vijiji na njia za Mlima Nafusa, kwa Kinafusi na kwa hati za Kiarabu. Jina lake ni Ighasra d ibriden di drar n Infusen. Humo d ni "na", di ni "katika", na n ni kiunganishi kinachofanya kazi ya "-a" unganifu ya Kiswahili, isipokuwa chenyewe hakibadiliki kwa ngeli. Motylinski ndiye aliyemwomba mwandishi kazi hiyo, kisha akaiandika upya kwa herufi za Kilatini na kuifasiri kwa Kifaransa mwaka 1898 na 1899. Wengi wamekitumia kitabu hicho kama ghala la mifano ya sarufi. Ni haki ya mwandishi kukumbukwa kuwa alikuwa akiandika jiografia: mji gani una maji, msikiti upi umebomoka, njia ipi huteremka Jefara. Miaka michache baada ya kitabu hicho lugha yake ilikuwa imekwisha kuwa somo la wageni. Francesco Beguinot alichapisha sarufi na matini za Fassato mwaka 1931, wakati wa utawala wa Italia. Kazi yake ni nzuri na bado haijaachwa, ila ililenga lahaja moja, na tangu hapo "Kinafusi" vitabuni aghalabu humaanisha Fassato.

Libya huru haikukirejeshea Kinafusi kalamu. Baada ya mapinduzi ya 1969 dola ilijitambulisha kuwa ya Kiarabu peke yake, na lugha ya Waamazigh ikaelezwa kuwa lahaja ya Kiarabu cha kale. Dai hilo halina msingi wowote katika isimu, lakini neno "lahaja" lilikuwa limeandaliwa zamani na lilikuwa tayari kutumiwa. Sheria Na. 24 ya mwaka 2001 ilikataza lugha nyingine katika shughuli rasmi na majina yasiyo ya Kiarabu kwa watoto. Wapo waliolipa kwa maisha yao. Amr Khalifa al-Nami wa Nalut, aliyepata shahada ya uzamivu Cambridge mwaka 1971 kwa utafiti wa Uibadhi na aliyeorodhesha miswada ya Jerba na Nafusa, alifungwa mara kadhaa na akatoweka katika miaka ya 1980.

Mwaka 2011 utawala huo ulipinduliwa, na miji ya Nafusa ilikuwa miongoni mwa ya mwanzo kuinuka. Kinafusi kikasikika redioni, kikaandikwa kutani, kikaingia madarasani kwa waalimu wa kujitolea. Sheria Na. 18 ya mwaka 2013 ilizitambua lugha za Waamazigh, Watuareg na Watubu. Lakini Waamazigh walisusia uchaguzi wa baraza la kuandika katiba mwaka 2014, na rasimu iliyopitishwa na baraza hilo mwaka 2017 ilikiacha Kiarabu kuwa lugha ya dola.

Waalimu hao wamechagua Tifinagh, hati ya kale ya Waamazigh iliyofanywa upya na kurasimishwa Morocco mwaka 2003. Uamuzi huo unaeleweka: hati hiyo haifanani na ya mtawala yeyote. Kwa bahati mtoto wa Jadu husoma pia Kiarabu shuleni, hivyo herufi za al-Shammakhi na za mswada wa Zouagha hazijawa ngeni kwake, tofauti na mwanafunzi wa Kiswahili wa leo mbele ya barua ya Lamu au Kilwa ya karne ya 19. Msamiati ndio unaoleta mashaka zaidi. Salamu azul na shukrani tanemmirt, zilizoenezwa na wanaharakati, zimepokewa kote, na pamoja nazo zimekuja orodha za istilahi zilizobuniwa Algeria na Morocco. Watunga vitabu vya shule vya Jadu, Yefren na Nalut wanapotafuta neno la mkataba, la shahidi au la mrithi, orodha hizo ziko karibu nao mno. Maneno ambayo makadhi wao waliyatumia yamo katika kurasa za ufafanuzi wa Mudawwana, na kurasa hizo bado ziko zaidi mikononi mwa wataalamu wa Ulaya kuliko juu ya meza zao.